Behewa la Mizigo la Ayalandi kwa Kipimo cha 4 mm: Kulijenga kwa Plastiki Bapa hadi Turubai la Paa

Kosa la kwanza la anayeanza kujenga treni ndogo za Ayalandi ni kuchukua behewa la Kiingereza, kulipaka kijivu, kulibandika nembo ya CIÉ, shirika la uchukuzi la Ayalandi, na kuridhika. Kwa mbali linapita. Likisimama karibu na behewa lililojengwa kwa vipimo vyake, linajisaliti sehemu tatu: ni jembamba chini, paa lake si lile, na chasisi yake ni nyeusi. Mwongozo huu unajenga behewa moja tangu mwanzo, lile la paa la turubai, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kazi utakayoihitaji kwa mabehewa mengine ya mizigo. Mabehewa ya abiria yana sehemu yao fupi mwishoni.

Upana wa reli, na kwa nini unagusa kila kitu

Reli ya Ayalandi ina upana wa futi 5 na inchi 3, yaani milimita 1,600, kipimo kilichowekwa kisheria mwaka 1846. Kwa msomaji aliyezoea reli ya Kati au ile ya kwenda Uganda yenye milimita 1,000, au hata SGR yenye 1,435, huo ni upana mkubwa kweli.

Kwa kipimo cha 4 mm kwa futi (1:76.2) reli hiyo inakuwa milimita 21. Lakini reli za dukani za kipimo hiki zina milimita 16.5. Zinapungukiwa milimita 4.5, karibu mara mbili ya upungufu anaoupata mjenzi wa treni za Uingereza, ambaye kwake ni milimita 2.3 tu. Wapo wanaotandika reli zao wenyewe za milimita 21, na kwa macho hakuna kinachoshinda hilo. Gharama yake ni kwamba kila ekseli, kila njia panda ya reli na kila injini lazima ibadilishwe. Hapa tunabaki na 16.5, ila mwili na chasisi tunavijenga kwa upana wa kweli, na ekseli nyembamba tunaificha ndani.

Behewa lenyewe

Reli za Ayalandi, hasa Great Southern & Western na Midland Great Western, zilikuwa na behewa la mizigo ambalo sehemu ya kati ya paa lake iko wazi na hufunikwa kwa turubai. Leo linabeba ng'ombe wenye kuhitaji hewa, kesho turubai linashushwa na linabeba magunia. Mengi yaliendelea kufanya kazi ndani ya Great Southern Railways, iliyoundwa mwaka 1925, kisha ndani ya CIÉ kuanzia Januari 1, 1945.

Kwa mjenzi, paa wazi lina maana moja kubwa: ndani kunaonekana. Huwezi kuacha ukuta wa ndani ukiwa plastiki nyeupe tupu, wala huwezi kutupa kipande cha risasi sakafuni ukasema paa litaficha.

Kabla ya kukata chochote tafuta mchoro na angalau picha mbili za behewa hilohilo, moja ya ubavuni na moja ya mwisho wa behewa. Irish Railway Record Society, chama cha kumbukumbu za reli za Ayalandi, ina maktaba yake Dublin, na mabehewa halisi yaliyohifadhiwa yapo Downpatrick na Cultra huko kaskazini. Mchoro unakupa vipimo, picha inakupa ukweli, kwani behewa lililofanya kazi miaka 40 limebadilishwa mbao, limeongezwa vyuma na limepigwa namba upya. Vikipingana, fuata picha ya mwaka unaoujenga.

Hesabu ya kugeuza ni rahisi: futi moja ni milimita 4, inchi moja ni 0.33. Umbali kati ya ekseli wa futi 10 ni milimita 40, na ule wa futi 9 uliokuwa kwenye mabehewa ya zamani ni 36. Gurudumu la behewa la mizigo, inchi 37.5, linakuwa milimita 12.5. Ya dukani yenye 12.6 yanafaa bila wasiwasi.

Vifaa

Plastiki bapa ya unene wa 0.5 mm na 1 mm, karatasi moja ya kila aina yenye ukubwa wa A4 (utabakiwa na ya kutosha mabehewa mengine matatu). Vipande vyembamba vya plastiki vya 0.25 × 1 mm na 0.5 × 1 mm. Jozi mbili za magurudumu ya chuma yenye ekseli za ncha kali, urefu wa milimita 26. Vikombe vinne vya shaba njano vya kupokea ncha za ekseli, kipenyo cha milimita 2. Jozi mbili za vishikilia ekseli vya shaba njano vya kukunja. Bafa nne (vizuia mgongano vya miisho ya behewa), springi na maboksi ya ekseli manne ya chuma cheupe au resini. Bati la risasi la unene wa milimita 2.

Kwa zana: kisu chenye wembe unaobadilishwa, rula ya chuma, skwea ndogo ya fundi chuma, kalipa ya kupimia, msasa namba 400 na 600, tupa bapa ndogo, drili ya mkono yenye biti za 0.5 hadi 2 mm, na kipande cha kioo kinene cha dirisha. Kioo hicho ndicho meza yako halisi. Meza ya mbao hupinda, kioo hakipindi.

Gundi ni za aina mbili na hazibadilishani. Plastiki kwa plastiki hutumia gundi ya majimaji inayoyeyusha plastiki, inayopakwa kwa brashi nyembamba kwenye mshono na kunywewa yenyewe. Chuma au resini kwa plastiki hutumia supagluu au epoksi. Anayefanya kazi Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar ajue kwamba supagluu hukauka kwa unyevu wa hewa, kwa hiyo pwani itamshika kabla hajaweka sawa, na itaacha ukungu mweupe pembeni mwa kiungo. Dawa ni tone dogo linalowekwa kwa ncha ya sindano, na upepo kiasi wa kupeperusha mvuke. Ukungu ukishatokea, rangi huufunika.

Kuta: karatasi mbili, mgongo kwa mgongo

Ukichora mistari ya mbao upande mmoja tu wa plastiki ya 1 mm, karatasi itajikunja kuelekea upande usiochorwa. Mfuo unafungua uso mmoja na kuuacha mwingine ukivuta. Kujikunja huko huja polepole, wakati mwingine wiki baada ya kupaka rangi, na mtu huanza kulaumu gundi. Kwa kuwa behewa letu linahitaji mbao nje na ndani, tatizo linajitatua: chora karatasi mbili za 0.5 mm, kisha zigandishe mgongo kwa mgongo, mifuo ikitazama nje pande zote mbili. Mvuto wa huku unazuia mvuto wa kule.

Kata vipande vinne vya ubavu (viwili vya nje, viwili vya ndani) na vinne vya mwisho. Tuseme mchoro wako unasema mwili una futi 16. Ubavu unakuwa milimita 64. Vya ndani vikate vikubwa kuliko vya nje kwa milimita moja kila upande, utavipunguza baada ya kugandisha. Kugandisha vipande viwili vilivyokwisha kukatwa kwa kipimo kamili ni kujitafutia kazi ya msasa.

Kuchora mbao: ubao wa inchi 7 ni milimita 2.33. Usipime ubao mmoja kutoka kwenye ubao uliotangulia, kwa sababu kosa la 0.1 mm mara 8 linakuwa 0.8 na ubao wa juu kabisa unatoka mwembamba waziwazi. Pima kila mstari kutoka ukingo wa chini: 2.3, 4.7, 7.0, 9.3, 11.7, 14.0, na kuendelea. Weka alama pande zote mbili za karatasi, unganisha kwa rula ya chuma, kisha vuta kwa mgongo wa ncha ya kisu badala ya makali. Makali hukata na kuinua kingo mbili kama mtaro wa jembe, mgongo huondoa uzi mwembamba wa plastiki na kuacha mfuo safi. Mara tatu kwa mkono mwepesi zinatosha. Mfuo wa 0.2 mm unaonekana baada ya rangi, wa 0.4 unaonekana kama mpasuko. Pitisha msasa 600 juu yake mara moja.

Ndani ya behewa mbao zinaweza kuchorwa kwa uhuru zaidi, mstari mmoja ukiyumba kidogo. Ng'ombe walizikwaruza miaka mingi.

Kugandisha: paka gundi ya kuyeyusha kwa wingi kwenye mgongo wa karatasi moja, weka nyingine juu yake, bonyeza kutoka katikati kwenda nje, kisha weka kati ya vioo viwili na kitabu kizito juu. Iache saa 24. Ukiitoa baada ya saa 3 itaonekana imekauka, na kesho itakuwa imepinda kama ganda la embe.

Baada ya hapo kata kwa kipimo kamili, kisha ongeza vyuma vya nje. Kamba za chuma za pembeni na za mlangoni ni vipande vya 0.25 × 1 mm. Bandika kamba ikiwa ndefu, ikate baada ya kukauka. Vichwa vya boliti ndivyo vinavyochosha, kwani behewa dogo lina zaidi ya 100. Njia inayofaa ni kubonyeza kamba kwa nyuma, kabla ya kuibandika, kwa sindano butu juu ya kadibodi ngumu, ili uvimbe mdogo utokee mbele. Alama za kubonyeza ziwe na umbali sawa, kwa sababu jicho linasamehe boliti inayokosekana kuliko safu iliyopinda.

Sanduku

Sakafu ni ya plastiki ya 1 mm, ikichorwa mbao kwa upana wa behewa. Ukuta wa mwisho ukae ndani ya ubavu, kiungo kifichwe na chuma cha pembeni cha umbo la L. Gandisha ubavu mmoja na mwisho mmoja kwanza, kwa skwea, juu ya kioo. Fanya hivyohivyo kwa jozi ya pili, acha nusu saa, ndipo uunganishe jozi mbili. Anayegandisha kuta nne kwa pamoja hupata msambamba badala ya mstatili. Pima kwa kalipa pembe hadi pembe kwa mshazari. Tofauti ya vipimo viwili isizidi 0.2 mm. Ikizidi, gundi bado ni laini kwa dakika kumi, kwa hiyo sukuma taratibu.

Sehemu mbili za paa zilizo ngumu, zile za miishoni, hutengenezwa kwa plastiki ya 0.5 mm. Ikunje kabla ya kuibandika: ifunge kwa utepe kwenye chupa au bomba lenye mviringo mdogo kidogo kuliko paa, mwagia maji yanayochemka, subiri dakika moja, kisha mwagia ya baridi. Paa lililolazimishwa kukunjika kwa gundi peke yake litaachia siku moja ya joto.

Chasisi

Hapa ndipo Uayalandi wa behewa unapopatikana au unapopotea. Tofauti kati ya futi 5 na inchi 3 na geji (upana wa reli) ya kawaida ya Uingereza ni inchi 6.5, yaani milimita 2.2 kwa kipimo chetu. Ukitumia chasisi ya plastiki ya behewa la Kiingereza bila kuigusa, springi na maboksi ya ekseli yatakaa ndani zaidi kwa takriban milimita 1.1 kila upande, na behewa litaonekana kama mtu mpana aliyesimama kwa miguu iliyobanwa.

Kwa hiyo tenganisha kazi mbili. Vishikilia ekseli vya shaba njano, vyenye vikombe vya kupokea ncha, vinakaa ndani pale ekseli ya 26 mm inapohitaji, na kazi yake ni kubeba uzito tu. Boriti za ubavuni, springi na maboksi vinakaa nje kwa upana wa kweli wa mchoro, vikiwa pambo tupu. Kati yao patabaki nafasi ya kama milimita moja. Ukitazama kwa ubavu, haionekani. Ukitazama kwa mwisho itaonekana kidogo, na rangi moja ya kijivu iliyokolea juu ya vyote viwili huizima. Nyuma ya boksi la ekseli toboa shimo la milimita 2.5 ili kikombe kisigongane nalo.

Ekseli moja ikae imara, nyingine icheze juu na chini kama mizani kwenye waya wa 0.8 mm uliopita katikati ya chasisi. Behewa la magurudumu manne lisilo na mchezo huo husimama kwa magurudumu matatu penye kiungo chochote cha reli kisicho sawa, na la nne hupanda ukingo. Mchezo wa nusu milimita kila upande unatosha. Ukizidi, behewa litayumba kama mashua.

Vishikilia hukunjwa kwenye mfuo wake uliokwishachongwa, mfuo ukiwa ndani ya kona. Kunja mara moja tu. Shaba njano iliyokunjwa na kukunjuliwa mara mbili huvunjika. Tia tone la solda kwenye kona baada ya kukunja, na kwenye vikombe vilevile. Usiimalize solda ikiwa ekseli haimo: funga ekseli, angalia kama gurudumu linazunguka lenyewe kwa pumzi, ndipo ukaze.

Kisha mtihani wa usambamba. Pima umbali wa ncha za ekseli kulia na kushoto kwa kalipa. Kama kulia ni 40.0 na kushoto 39.7, behewa litakimbilia upande mmoja na kuacha reli kwenye njia panda, hata likiwa na uzito wa kutosha. Kubali tofauti ya 0.1. Umbali wa ndani kati ya magurudumu ya ekseli moja uwe 14.5 mm, nao haupimwi kwa macho.

Uzito unaofaa ni gramu 25 kwa ekseli, kwa hiyo behewa letu liwe na gramu 50. Plastiki, magurudumu na vyuma vyake havifiki 20. Bati la risasi la 60 × 26 × 2 mm lina gramu 35, na linaingia vizuri chini ya sakafu, kati ya boriti za ubavuni ambazo zina kina cha zaidi ya milimita 3. Likate katikati kwa vipande viwili ili waya wa mizani upite. Libandike kwa epoksi. Gundi nyeupe ya mbao haifai kabisa karibu na risasi: huanzisha kutu nyeupe inayovimba, na baada ya mwaka au miwili sakafu yako itainuka na kupasua kuta. Asiyetaka risasi atumie chuma cha unene huohuo, atapata gramu 24 hivi, na apungukiwe kidogo. Ukishika risasi osha mikono kabla ya kugusa chakula.

Breki. Mabehewa mengi ya zamani yana mkono mmoja mrefu ubavuni na viatu vya breki upande huo tu, upande wa pili ni mtupu, kagua picha. Kiatu cha breki lazima kikae mbele ya uso wa gurudumu. Kwa kuwa magurudumu yetu yamesogea ndani kwa milimita 2.25 kila upande, viatu navyo visogee ndani hivyohivyo. Ni uongo, lakini kiatu kinachobana hewa nje ya gurudumu ni uongo mkubwa zaidi. Mkono wa breki wa plastiki huvunjika mara ya tatu behewa linaposhikwa, kwa hiyo utengeneze kwa waya wa shaba njano wa 0.5 mm uliopondwa kwa nyundo hadi uwe bapa.

Bafa zikae kimo cha kama milimita 14 kutoka juu ya reli hadi katikati yake. Pima behewa likiwa juu ya magurudumu yake. Ukipima kutoka kwenye sakafu kosa lote la chasisi litajificha. Kwa viungio, treni ya mizigo isiyo na breki za vakyumu ilifungwa kwa mnyororo wa pete tatu, nazo zilidumu CIÉ hadi miaka ya 1970. Mnyororo wa pete tatu wa waya wa 0.5 mm unafanya kazi vizuri kwenye mikondo (kona za reli) yenye nusu kipenyo cha zaidi ya milimita 900. Chini ya hapo bafa hufungana, na ni afadhali ukubali kiungio cha dukani.

Turubai

Usitumie kitambaa. Nyuzi zake kwa kipimo hiki ni kamba za meli. Chukua karatasi laini ya tishu, itenganishe hadi ubaki na tabaka moja, ikate kubwa kuliko uwazi wa paa kwa milimita 6 kila upande. Changanya gundi nyeupe sehemu moja kwa maji sehemu mbili. Tandaza tishu juu ya vijiti viwili au vitatu vya plastiki vilivyowekwa kama mataruma ya paa, loanisha kwa brashi bila kuisugua, iache ilegee kati ya vijiti kama turubai lililonyeshewa. Ikikauka rudia mara moja. Kamba ni uzi wa kushonea uliovutwa kwenye nta ya mshumaa, la sivyo utatoa manyoya yasiyofichika kwa rangi yoyote.

Turubai lililokunjwa ni rahisi zaidi na, kwa maoni yetu, linapendeza zaidi, kwani mambo ya ndani uliyoyachora siku mbili yanaonekana. Viringisha tishu iliyolowa kwenye waya mwembamba, bana sehemu mbili kwa uzi, ilaze upande mmoja wa paa.

Rangi, na chasisi isiyokuwa nyeusi

Osha behewa kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, acha likauke usiku mzima, kisha praima ya kijivu kwa tabaka jembamba. Praima inaonyesha mikwaruzo, rekebisha sasa.

Mabehewa ya mizigo ya Ayalandi yalipakwa rangi moja kila mahali. Mwili, boriti za ubavuni, bafa, springi, vyote kijivu, na kwa kawaida paa nalo pia. Chasisi nyeusi ni mazoea ya Kiingereza yaliyobebwa hadi kwenye meza za wajenzi, na ndilo kosa linaloenea kuliko yote. Kijivu cha miaka ya 1940 na 1950 kimekolea. Kuanzia miaka ya 1960 kilikuwa chepesi zaidi, na kuelekea mwaka 1970 rangi ya kahawia ikaanza kuchukua nafasi. Behewa la paa la turubai lenye kahawia safi litahitaji ushahidi wa picha.

Ndani paka rangi ya mbao zilizopauka, yaani kijivu chenye hudhurungi kidogo, tofauti kidogo ubao kwa ubao. Kisha mwagia rangi ya hudhurungi iliyoyeyushwa sana, moja kwa kumi, ijae kwenye mifuo.

Nembo ya CIÉ hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa gurudumu lenye mbawa, ambalo watu waliliita konokono arukaye. Baada ya 1963 hivi ikaja ile ya duara lililokatika. Konokono huyo alipigwa kwa bati lenye matundu, kwa hiyo mistari yake ina mapengo madogo. Ukipata stika yenye mistari iliyokamilika, katisha mwenyewe kwa ncha ya kisu. Stika za maji zinahitaji uso unaong'aa: paka vanishi ya kung'aa kwanza, weka stika, ipakie dawa ya kulainisha ili ishuke kwenye mifuo ya mbao, ikikauka sasa paka vanishi isiyong'aa. Stika iliyowekwa juu ya rangi isiyong'aa hushika hewa chini yake na kung'aa kama ganda la samaki, na hakuna vanishi inayoponya hilo.

Uchakavu uanze chini. Vumbi la breki la hudhurungi yenye wekundu kwenye vishikilia na magurudumu, tope jepesi hadi theluthi ya ukuta, kisha michirizi miwili mitatu kutoka kwenye boliti. Ubao mmoja au miwili iliyobadilishwa, isiyo na rangi, inaeleza zaidi ya kutu kote. Uso wa gurudumu unaokanyaga reli ubaki chuma kitupu kinachong'aa. Rangi hapo inakusanya uchafu na behewa linaanza kurukaruka.

Ukianza na seti ya resini

Watengenezaji wadogo kama Provincial Wagons wametoa mabehewa ya Ayalandi kwa resini, na kwa anayetaka treni ya mabehewa 15 hiyo ndiyo njia ya kuishi. Osha vipande vyote kwanza, kwani mafuta ya kalibu hukataa rangi. Ukuta uliopinda uweke kwenye maji ya nyuzijoto 60 kwa dakika mbili, ulaze kwenye kioo, uwekee uzito hadi upoe. Vitundu vya mapovu vizibwe kwa supagluu na kupigwa msasa wakati uleule, kabla haijawa ngumu kuliko resini yenyewe. Msasa wa resini uwe na maji kila wakati, na uvae barakoa: vumbi hilo si la kuvuta.

Mabehewa ya abiria

Kwa mabehewa ya abiria upana ndio unaotawala. Mabehewa ya CIÉ yaitwayo Park Royal, ya mwaka 1955, yalikuwa na urefu wa futi 61 na inchi 6 na upana wa futi 10 na inchi 2: milimita 246 kwa 40.7. Behewa la Kiingereza lenye upana wa futi 9 ni milimita 36 tu. Kubandika ubavu wa shaba njano uliochongwa kwa tindikali juu ya mwili wa Kiingereza kunaacha upungufu wa karibu milimita 5, na hapo paa, miisho na sakafu vyote vinakuwa si vyake. Ni kazi ndogo zaidi kukata sakafu na miisho upya kwa plastiki ya 1.5 mm, na kununua paa la plastiki au alumini la upana unaofaa, kuliko kupanua kilichopo.

Studio Scale Models na Worsley Works zimetoa vipande vya shaba njano vya magari ya Ayalandi. Vya Worsley hasa ni vya fundi, havina magurudumu wala maelezo marefu. Ubavu mrefu hivyo hupinda kwa joto. Tumia solda inayoyeyuka kwa nyuzijoto 145, shika katikati kwanza kwa nukta moja, kisha nenda kulia na kushoto kwa zamu, ukiruhusu chuma kipoe kati ya nukta na nukta. Anayeanza mwisho mmoja na kwenda moja kwa moja atafika mwisho wa pili ubavu ukiwa na tumbo.

Kabla ya kubandika ngazi na mabomba ya chini, pima mikondo yako. Katikati ya behewa hutoka nje ya mstari wa reli kwa kiasi cha mraba wa umbali kati ya boji (vigari vya magurudumu vinavyobeba behewa kila mwisho), ukigawanywa kwa mara nane ya nusu kipenyo cha mkondo. Kwa boji zilizotengana milimita 170, mkondo wa 610 unatoa milimita 5.9, na mkondo wa dukani wa 438 unatoa 8.2. Ongeza nusu ya upana wa behewa, na kwa Park Royal hiyo ni 20.4. Jukwaa la kituo lililojengwa kwa mabehewa ya Kiingereza litakwaruzwa rangi siku ya kwanza, kwa hiyo kata kadibodi yenye umbo la sakafu, ifunge boji mbili, na uisukume kwa mkono njia nzima kabla hujawasha pasi ya solda.